Mzinga Usio na Nyuki

Lililoniponza ni neno moja tu: mzinga. Kiswahili kingekuwa na neno jingine la kitu kile, siku ile ya Novemba 2010 ningefika nyumbani, mtaa wa Soweto hapa Moshi, alasiri, nikiwa na heshima zangu zote za mwalimu mstaafu wa historia.

Nilikuwa siti ya nyuma ya Hiace inayotoka Kahe kuja Moshi mjini, nimepakata kitu nilichokizungushia kanga ya mke wangu. Kanga niliichukua bila kuomba, lakini hilo ni kesi nyingine. Mama aliyekaa pembeni yangu, na ndoo yake ya nyanya miguuni, akaniuliza kwa upole kama mtoto amelala.

"Si mtoto, mama. Ni mzinga."

Akasogea hadi bega likagusa kioo. "Una nyuki?"

"Hauna."

"Asali?"

"Mtupu kabisa."

Kijana wa siti ya mbele akadakia bila hata kugeuka: "Mzee, mtupu wa nini sasa? Si ungeleta uliojaa tuufungue hapahapa!" Gari likacheka. Kwa rika lake, mzinga ni ile chupa kubwa ya pombe kali. Nami ualimu haujawahi kunitoka. Nikaona si vizuri watu wazima kuachwa gizani, nikasema kwa sauti ya darasani: "Siyo huo, kijana. Huu ni wa vita. Wa Mjerumani."

Nilikuwa najiandaa kufafanua kwamba, kwa usahihi, si mzinga bali ni ganda la risasi ya mzinga, yaani lile kopo la shaba linalobaki baada ya kombora kwenda zake. Sikupata nafasi. Neno "vita" lilishamfikia dereva. Ilikuwa ni mwaka mmoja na miezi kadhaa tu tangu Mbagala, Aprili 29, 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka jijini Dar es Salaam na watu zaidi ya 20 wakafa. Nchi nzima ilikuwa na masikio mapya. Dereva hakusimama kituo chochote, hata kwa waliopiga kelele kwamba wanashuka. Alitupeleka moja kwa moja kituo cha polisi, abiria wote, pamoja na nyanya.

Pale kaunta nilimkuta askari kijana mwenye daftari.

"Shikamoo mzee. Shida?"

"Marahaba. Wamenileta kwa sababu ya mzinga."

Akashusha pumzi ya huruma. "Pole sana mzee. Umepigwa mzinga wa shilingi ngapi?"

Nilidhani ananiuliza bei niliyonunulia. "Elfu arobaini na tano."

Akaandika. "Na aliyekupiga unamfahamu?"

"Ni mzee mmoja wa Kahe. Amenihakikishia ni wa mwaka 1916."

Kalamu ikasita. Ndipo nilipokumbuka kwamba kupigwa mzinga, kwa lugha ya mtaani, ni kuombwa hela na mtu asiye na mpango wa kuzirudisha. Nikaona mkato ni kumwonyesha. Nikafungua kanga, nikakisimamisha kitu changu juu ya daftari lake. Nilipoinua macho, kaunta ilikuwa haina mtu.

Aliyeniokoa ni sajini mmoja aliyekaribia kustaafu, ambaye mwaka 1979 alikwenda hadi Uganda kwenye Vita ya Kagera. Alikuja akitafuna muwa. Alilishika ganda, akaligeuza kichwa chini, akaingiza mkono ndani hadi chini kama anayetafuta sarafu chini ya kochi, kisha akatangaza: "Hili limekufa zamani." Akaonyesha kitako chake. "Unaona kishimo hapa katikati? Fataki yake imeshagongwa. Hii fataki imekwisha." Abiria waliojazana dirishani wakaangua kicheko. Miaka ile redio zilikuwa hazipitishi saa bila tangazo la Fataki, yule mzee anayetongoza wanafunzi, na sasa wote walikuwa wananitazama mimi, mwalimu mstaafu.

Sajini alinipa na somo, na ndilo pekee la maana katika mkasa huu wote. Lenye mdomo wazi kama kikombe, unaona hadi chini, hilo ni ganda, ni chombo. Lenye kichwa, lenye ncha, au lililoziba kwa udongo na kutu hata huoni ndani, hilo huligusi, hulipigi nyundo, huliokoti. Shaba inaweza kuwa na miaka 100, baruti haistaafu.

Ugonjwa huu wa kukusanya maganda nimeurithi. Babu yangu wa Kidia, Old Moshi, alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi Jenerali Smuts wa Mwingereza alipoingia Moshi, Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Watoto walishuka tambarare kuokota maganda, na lake la thamani alilitunza hadi uzee: ganda nene kama kidole gumba, la risasi ya Mauser ya mwaka 1871. Askari Waafrika wa Mjerumani wengi walianza vita na bunduki hizo kuukuu. Risasi yake ilikuwa ya milimita 11, na baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi, hivi kwamba ukipiga mara moja adui wote wanajua umejificha mti gani. Babu alilifanya tabakelo. Alilijaza ugoro, akaliziba kwa kipande cha gunzi, na kila alipopiga chafya alisema, "Mjerumani bado anapiga." Alipofariki nikaachiwa tabakelo, na mdogo wangu akaachiwa migomba. Hadi leo ukoo unaona mimi ndiye niliyepunjwa.

Kuanzia hapo nikawa naokota. Maganda ya .303 ya Mwingereza nilikuwa nayo kopo zima la mafuta ya Kimbo. Kila likizo nilizunguka Kahe, Himo, hata kuvuka Holili kwenda Taveta, kwenye vilima vya Latema na Reata ambako Machi 11 na 12, 1916 watu waliuana gizani kugombea njia ya kuja kwetu. Nikiwa na ganda mfukoni niliona nimeishika historia yenyewe. Mke wangu aliona mifuko inatoboka.

Sasa, mzee wa Kahe. Huyu alijua udhaifu wangu. Aliniambia amechimbua ganda la mzinga wa Königsberg, na mimi kwa jina hilo nalainika kama ndizi za kiburu. Königsberg ni manowari ya Mjerumani iliyoizamisha Pegasus ya Mwingereza pale Zanzibar, Septemba 20, 1914, ikaenda kujificha delta ya Rufiji, ikazamishwa humo Julai 11, 1915. Lakini Wajerumani waliopoa mizinga yake yote 10, wakaifungia magurudumu, wakaikokota nchi kavu. Mmoja ulikuwa hapahapa Kahe, na walipozidiwa Machi 1916 wakaulipua wenyewe wasiuache. Mwingine umewekwa Fort Jesus, Mombasa. Sasa wewe niambie, mtu anakuja na ganda kutoka Kahe, analitaja Königsberg, unabisha nini?

Dalili zilikuwepo. Mzinga wa Königsberg ulikuwa wa milimita 105. Nilipima mdomo wa ganda langu kwa rula ya shule, nikapata 88. Nikatafakari jioni nzima, nikaamua kwamba shaba husinyaa. Kitako kilikuwa cheusi tii, na mke wangu alitaka kukisugua kwa majivu na ndimu. Nikamkataza. Nilimwambia ile ni kutu ya heshima.

Krismasi tukapanda Kidia. Msomaji asiye wa huku aelewe kwamba Desemba kila Mchaga mwenye nauli anarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, na asiye na nauli anakopa. Nilibeba ganda niwaonyeshe ukoo. Nililiweka juu ya meza ya sebuleni, nikatoka kwenda kusalimia, na kosa langu liko hapo: nililiacha bila maelezo. Watu walikuwa wengi kuliko kata za kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi. Kijana mmoja mwenye akili za haraka akaliona chombo kizuri, kirefu, kinang'aa, akalisuuza, akalijaza mbege, akampelekea mgeni wa heshima. Mgeni huyo alikuwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mkazi wa Mbagala.

Nilirudi nikamkuta amekunywa nusu. Akalamba midomo. "Shemeji, mbege nzuri, ila mmezidisha msesewe, au mmeichemshia sarafu?"

Mbege ni chachu, na chachu na shaba hazipatani. Ladha ile haikuwa ya msesewe, lile gome chungu la mbege. Nilimnyang'anya, nikamwaga iliyobaki kwenye mgomba. Akataka kujua kuna nini. Ningeweza kusema lolote, kwamba ni chombo cha maua, kwamba ni tuzo ya ualimu. Nikasema, "Ni mzinga tu, shemeji. Wa vita."

Wengine walicheka, na mimi nilianza kucheka. Yeye hakucheka. Mtu aliyekimbia na watoto wawili mgongoni huku vyuma vinapita juu ya mabati ana haki ya kutotaka kushika kikombe cha namna hiyo. Aliweka kofia kichwani, akatoka, akaenda kulala kwa jirani. Usiku wa Krismasi, shemeji mkubwa analala kwa jirani! Mke wangu hakuniambia neno, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko maneno.

Asubuhi nikakata jani la isale pale mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo, nikalipeleka. Kwetu mtu akikujia na isale hukatai kumsamehe, hata kama alikuchomea nyumba. Shemeji alilipokea, akanyamaza sana, kisha akatoa sharti moja: kileteni hicho kitu nikione mchana, nikijue.

Tukaketi chini ya mparachichi. Yeye ni fundi, hapendi kitu asichokijua kilipotengenezwa. Aliokota majivu ya jikoni, akayalowesha kwa mbege, akaanza kusugua kitako cha ganda kwa kidole gumba, taratibu, kutu yangu ya heshima ikiondoka. Zikajitokeza namba 25, herufi PR, na chini yake namba nyingine nne.

"Mwalimu, ile vita yako ya Smuts iliisha mwaka gani?"

"1918."

"Basi hili lilichelewa." Akanigeuzia. 1942.

Ganda la mzinga wa ratili 25 wa Mwingereza, wa Vita Kuu ya Pili, wa karibu milimita 88, kama rula ilivyosema. Pengine lilipanda mlimani kwenye begi la askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika, aliyerudi kutoka Burma akitaka kumpelekea mama zawadi. Shemeji alicheka hadi akalazimika kushika mti. Nilimfurahia, lakini si sana.

Januari nikarudi Kahe na ganda langu kudai haki. Mzee wa watu hakutikisika. "Mwalimu, ulikuja hapa unataka la Königsberg, nikakupa la Königsberg. Ungesema unataka la Hitler ningekupa la Hitler, na bei ingepungua." Sikuwa na jibu, maana kwa tarehe yake, kweli lilikuwa la enzi za Hitler.

Februari 16, 2011 ghala jingine la silaha, la Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam, nalo likalipuka. Shemeji alipiga simu usiku uleule, na hakuzungumza na mimi, alizungumza na dada yake. Kesho yake nikiwa kwenye mkutano wa SACCOS, akapita kijana wa skrepa na mizani yake. Kopo la Kimbo lote likapimwa kwa kilo, shaba ya njano, na ndani ya kopo, kwa kuwa mimi ndiye niliyelitumbukiza humo nilipokuwa nasafisha kabati, lilikuwemo tabakelo la babu. Katika mkusanyiko wangu mzima, hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika kilipigana mwaka 1916. Nilimkimbilia yule kijana hadi kwenye yadi yao, nikaambiwa lori limeshaondoka kwenda Dar.

Lile la 1942 hakulichukua. Alilitazama, akamwambia mke wangu, "Hilo mama, hapana," akasukuma toroli.

Ndilo linalozuia mlango wa stoo hadi leo. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa unalima Kahe au unachimba msingi Himo, jembe likagonga kitu chenye kichwa, kiache palepale, weka kijiti cha alama, ondoa watoto, pigia polisi 112, na kwenye simu sema "bomu", usiseme "mzinga". Kikiwa ni ganda tupu lenye mdomo wazi, nijulishe, nitakuja. Safari hii nabeba rula, majivu na ndimu, na kitako nakisugua kabla sijatoa hela.