Sifa za Mvivu wa Ziwa Tanganyika

Hapa Uvira, kuanzia mdomo wa Mto Ruzizi hadi bandari ya Kalundu, kiboko ana jina baya. Anatafuna mahindi ya watu, anapindua mitumbwi, anaua, na mchana kutwa analala majini kama mtu aliyekwisha kupata pensheni. Makosa yote hayo anayo, na kwa yale matatu ya kwanza sina la kumtetea. Leo namsifu kwa lile la mwisho.

Kulala tunalala wote, lakini nani analala kwa ustadi wake? Anazama, anafumba pua na masikio, na baada ya dakika chache kichwa kinapanda chenyewe. Pua zinafunguka kwa kishindo cha pumzi, masikio yanakung'uta matone, kisha anashuka tena. Yote hayo bila kuamka! Wala haogelei, maana kuogelea ni kujisumbua. Anatafuta maji mafupi, anatembea chini kwa miguu yake.

Jua la Uvira linalopasua vichwa vyetu halimtishi. Ngozi yake inatoa majimaji mekundu ambayo watu waliyaita jasho la damu. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza kwamba yana rangi mbili, nyekundu na ya chungwa, zinazokinga mwili na jua. Ile nyekundu huzuia bakteria pia. Sisi tunakwenda sokoni kununua pomada, tena ile ya kuchubua.

Wanaolia kwamba shamba limeliwa wana haki ya kulia, ila wapige na hesabu. Mwili wa tani moja na nusu, pengine zaidi, unatosheka na kilo 40 hivi za majani kwa usiku. Kwa ukubwa ule ni chakula cha mgonjwa, na siri yake ni uvivu wenyewe: asiyehangaika hachomi nguvu. Akisharudi ziwani, ananya huku akipiga mkia kushoto na kulia, samadi inaruka kote, wadudu wa maji na samaki wanapata riziki. Mbolea ya nchi kavu imefika majini bila lori na bila kupita forodha ya Kavimvira.

Sasa angalia alivyolipwa. Enzi za Mfalme Leopold wa Pili, ngozi yake ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa juani mpaka kingo zikawa kali, ikawa fimbo ya kuwachapa Wakongo ambao mpira wao haukutosha kwenye mzani. Kosa lao, eti, uvivu. Mnyama anayelala mchana kutwa ndiye aliyechunwa ili babu zetu wafundishwe bidii! Mzungu aliyebuni somo hilo sidhani kama aliwahi kukaa ufukweni akamtazama mwalimu wake. Na baada ya Mzungu kuondoka hatukumtendea vema zaidi: kule Hifadhi ya Virunga, miaka ya 1970 walihesabiwa viboko karibu 30,000, katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Wenye bunduki walitaka nyama na meno.

Huku kwetu tumemjengea nyumba juu ya njia zake, halafu tunashangaa akipita uani. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda likaingia majumbani, mpaka ukabaki hujui ni wapi unapoishia mtaa na kuanza ufuko. Yeye alifuata maji yalipokwenda, kama kawaida yake. Tukamwita mvamizi.

Ukikutana naye usiku, usidanganywe na sifa hizi. Yule mvivu akishtuka anakimbia kilomita 30 kwa saa, na anakimbilia majini kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Aliyesimama katikati hana bahati. Mama mwenye mtoto ndiyo usimkaribie kabisa. Rudi nyuma polepole, mwachie njia, wala usikae upande wa ziwa, hata kama nyumba yako iko upande huo.