Mwongozo kwa Anayetaka Kutafuta Mababu Minova

Umesoma mahali kwamba anayeijua nasaba yake hutulia moyo na kukua kiroho. Vizuri. Panda gari uje Minova, kando ya Ziwa Kivu upande wa Kongo, lakini usishuke na daftari. Hapa daftari ni la ushuru au la misaada. Likionekana tu, nyumba ya watu sita inakuwa ya watu kumi na mmoja, na wote wana majina.

Njoo na sukari na sabuni. Uliza mihogo, uliza mvua, uliza watoto. Baba wa babu atajitokeza mwenyewe jioni, kasiksi, pombe ya ndizi, ikishafika. Kesho yake mzee huyohuyo, shemeji zake wakiwepo, atakuhesabia ukoo uleule ukiwa umepungua mtu mmoja. Usimsahihishe. Aliyeondolewa ameondolewa kwa sababu, na mara nyingi sababu ni shamba.

Jina la ukoo usilitafute. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana, na Joseph uliyemkuta kwenye kitabu cha ubatizo cha mapadri pale Bobandana huenda akapotea kabisa kwenye karatasi za baada ya 1972, Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo.

Sasa hatari yenyewe: usimwulize mtu, "Ninyi mlitokea wapi?" Serikali imeuliza vya kutosha. Kuanzia 1937 Wabelgiji waliwahamisha watu kutoka Rwanda wakawapanda Masisi, hapo juu milimani. Sheria ya 1972 ikasema waliokuwa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950 ni raia. Ya 1981 ikawageuka: mzee wako alikuwa wapi tarehe 1 Agosti 1885? Kumbuka kwamba Götzen, Mzungu wa kwanza kulifikia ziwa hili, alifika 1894. Babu alitakiwa kuwa na shahidi miaka tisa kabla ya kalamu kufika. Mwaka 2004 tarehe ikasogezwa hadi uhuru, 1960, na waliokuwa wameshaanza kuhesabu nyuma wakarudi mbele.

Ukishindwa kuvumilia bila kuuliza asili, tazama kisiwa cha Ijwi, kile pale majini. Mwanahistoria David Newbury alikaa huko akisikiliza wazee, na kitabu chake cha 1991 kinaonyesha kwamba koo zinazosemwa ni za tangu na tangu zilipata sura hiyo kisiwani kwenyewe, pamoja na ufalme wa karne ya 19. Watu walifika kutoka pande mbalimbali, wakawa ukoo. Usikisimulie kitabu hicho baa.

Na huko kukua kiroho? Kutakuja siku utakapokuta kwenye mstari wako bibi aliyetokea kabila ambalo baba yako hulitukana kila Jumapili baada ya misa. Utafunga mdomo, utaosha mikono, utakula.

Utaletewa ugali na sambaza, samaki wa hapa kweli, fahari ya ziwa, wa asili kuliko sisi sote. Usimwambie mwenyeji wako kwamba waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata kwa sheria ya 1972 wasingepata karatasi.