Kadi Mbili za Njano

Kwetu Kibomet, mtu akisema anavuka mpaka, swali la kwanza huwa ni nani mgonjwa, na la pili ni nani amefariki. Wako majirani wanaokwenda Uganda mara nyingi kuliko wanavyokwenda Nairobi, lakini kila safari ina sababu yake: matanga upande wa Mbale, maharagwe ya kuuza sokoni Kitale, mahari ya kijana, ng'ombe aliyepotea. Ng'ambo ile nyingine, ya kupanda ndege, ni ya kutafuta kazi. Dada yangu mdogo yuko Saudia kwa miaka sasa, na mwanawe analelewa na Mama. Ndiyo maana kaka yangu mkubwa alipotangaza Jumapili moja baada ya chakula kwamba likizo ya Desemba tutampeleka Baba Jinja kutembea, Mama aliweka sahani chini akamwuliza, "Kutembea kufanya nini?"

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tangu kabla sijazaliwa amekuwa akichora Ziwa Victoria ubaoni, halafu anautoa mto upande wa kaskazini, anaupandisha hadi Misri. Aliwafundisha watoto wa Trans Nzoia jinsi John Hanning Speke alivyofika mwaka 1862 mahali maji yanapotoka ziwani, akapaita maporomoko ya Ripon, na jinsi maporomoko hayo yalivyofunikwa na maji baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo linaitwa Nalubaale. Yote hayo kwa chaki. Mwenyewe hakuwahi kuuona huo mto, ingawa kutoka kwetu hadi Jinja, mahali unapotoka ziwani, gari zima linafika kabla ya jua kutua.

Watu husema mkulima hasafiri kwa sababu hana pesa. Mimi naona ni kwa sababu hana wiki. Machi na Aprili anapanda, kisha palizi, kisha mbolea ya kukuzia, Oktoba anaanza kukata mahindi, Novemba na Desemba anavuna, anapukuchua na kuanika, na Januari karo iko mlangoni. Baba amelima na kufundisha kwa mpigo mmoja maisha yake yote. Mtu kama huyo ana haki ya kwenda mahali ambapo hakuna mgonjwa wala maiti, akatazama maji, akarudi.

Kaka alijitwika mambo ya karatasi. Pasipoti hatukuhitaji, kwa kuwa tangu mwaka 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Watoto walichukuliwa kibali cha muda kwa vyeti vyao vya kuzaliwa, na kwa yule wa dada ilitakiwa pia barua ya idhini ya mzazi. Dada aliiandika kwa mkono wake akiwa kazini Saudia, akaipiga picha, akaituma kwa simu usiku wa manane. Mama alitaka isomwe kwa sauti, ingawa ilikuwa barua ya idhini tu na haikuwa na salamu.

Kisha rafiki wa kaka, dereva wa lori anayepita Malaba kila juma, akamwambia, "Chochote mtakachosahau, msisahau kadi ya njano." Kesho yake kaka akaenda mjini Kitale kwenye ofisi ya bima, akarudi nayo. Ilikuwa Kadi ya Njano ya COMESA, ile bima ya gari linalovuka mpaka, ambayo nchi wanachama ziliafikiana mwaka 1986 ili gari la Kenya likimgonga mtu Uganda au Zambia, fidia ilipwe bila dereva kununua bima mpya kila mpaka. Akaitia ndani ya kabati, katikati ya Biblia na risiti za mbolea. "Kadi ya njano tayari," akasema.

Wifi yangu, mke wake, akauliza kama hiyo moja itatutosha sote.

"Inamhusu dereva na abiria wake," kaka akajibu.

Hakuna aliyeuliza tena. Kila mtu nyumbani aliyewahi kusikia habari za kadi ya njano ya wasafiri aliamini kwamba jambo limekwisha. Mama akawashonea watoto nguo za kufanana. Baba akatoa suti yake ya kustaafu akaianika juani, akanunua daftari jipya la kuandikia mambo ya safari. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye amemjua Mama tangu walipoolewa, alipita kwenye ua na kuuliza tena kwa sauti ya chini, "Lakini kweli hakuna mgonjwa?"

Jumamosi jioni, zikiwa zimebaki siku chache, dada akapiga simu ya video. Simu ikazungushwa, kila mtu akasalimu, watoto wakaonyesha nguo. Kisha dada akamwuliza Mama, "Walikudunga mkono gani?"

"Kunidunga nini?"

"Sindano ya homa ya manjano, Mama. Bila ile kadi hamwingii Uganda."

Kaka akaenda kabatini, akaitoa kadi yake, akaileta mbele ya simu. Dada aliisoma kule aliko, akanyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Kaka, hiyo ni ya gari."

Homa ya manjano huenezwa na mbu, haina dawa ya kuiponya, na chanjo yake huhesabiwa kuwa imeanza kazi siku ya kumi baada ya sindano. Kabla ya hapo kadi haitambuliki mpakani. Jambo jema ni kwamba tangu Julai 2016 sindano moja hutosha maisha yote, ilhali zamani ilirudiwa kila baada ya miaka kumi. Lakini siku kumi ni siku kumi, nasi hatukuwa nazo. Safari ikasogezwa hadi baada ya Krismasi, na Jumatatu alfajiri tukajazana garini kwenda Eldoret kwenye kituo cha chanjo za wasafiri.

Tulipanga foleni kama ukoo. Baba mbele, kaka, Mama, mimi, wifi, watoto nyuma. Muuguzi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya darasani na alikuwa na maswali matatu ambayo alimwuliza kila mtu, mmoja baada ya mwingine, bila kushusha sauti. La kwanza lilikuwa la mayai, kwa sababu virusi vya chanjo hii hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Hapo mtoto wa dada akainua mkono. Mama akaeleza kwamba huyu akila yai hutoka vipele mwili mzima na midomo huvimba. Muuguzi akamtoa kwenye foleni, akamketisha kando amngoje daktari, na mtoto akaanza kulia akidhani ameachwa nyuma.

Swali la pili lilikuwa la umri. Aliyepita miaka 60 hachanjwi kwa mara ya kwanza mpaka daktari amwangalie, kwani madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata wazee zaidi. Baba akasema amekuwa mzima, akamkumbusha muuguzi kuhusu mlipuko wa homa hii katika Bonde la Kerio mwaka 1992 hadi 1993, akisema aliusikia redioni wakati akifundisha darasa la saba. Muuguzi akamjibu kwa heshima, "Mwalimu, ndiyo maana tunauliza. Ketini na mtoto."

Swali la tatu lilikuwa la wanawake. Nilisema hapana. Wifi alipofikiwa, akainamisha kichwa.

"Mama, una mimba?"

Katika heshima ya kwetu, habari za tumbo la mke wa mwana hazisemwi mbele ya baba mkwe, na Baba alikuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo. Wifi akafunua mdomo, akaufunga. Kaka akamtazama mkewe kwa mshangao ambao haukuwa wa kuigiza. Muuguzi akarudia swali. Ndipo Baba akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anakwenda kuangalia gari kama limefungwa, akatoka na suti yake, akakaa huko nje hadi alipoitwa. Alipokwisha kutoka, wifi akasema, "Nadhani ndiyo. Miezi miwili." Mama akamvuta, akamfunika na leso yake mabegani, na hapo kwenye foleni ya watu tusiowajua akalia kwa furaha.

Daktari aliwaona mmoja mmoja. Alimpima Baba presha, akamwuliza dawa anazotumia na maradhi aliyowahi kuugua, akaridhika, Baba akachanjwa. Mama ana kisukari na mambo mengine, daktari akaonelea asichanjwe. Mama, wifi na mtoto wa mayai walipewa kila mmoja barua ya daktari yenye muhuri, ikieleza kwamba kwa sababu za afya hawakuchanjwa. Barua hiyo inatambuliwa na kanuni za afya za kimataifa, na msafiri huibeba mahali pa kadi. Nawaambia hivi kwa sababu wengi wakisikia hawawezi kuchanjwa hukata tamaa ya safari, na wengine, Mungu atuepushe, hununua kadi vichochoroni.

Siku za kungoja zilikuja na mambo yake. Ilibainika kwamba gari lilinunuliwa kwa mkopo wa sako na logibuku ina jina la sako pamoja na la kaka, kwa hiyo ilitakiwa barua ya ruhusa ili litoke nchini. Ofisi husika, sitaitaja, ilimrudisha kaka mara kwa mara hadi akaanza kuongea peke yake akikama. Barua ilitoka mkesha wa Krismasi.

Kisha mvua. Desemba kwetu ni mwezi wa jua, na mahindi yalikuwa yamemwagwa uani juu ya maturubai, manjano kutoka mlangoni hadi kwenye zizi. Usiku wa kuamkia safari, tukiwa tumeshafunga mizigo, tulisikia mabati yakilia. Hakuna aliyesema neno. Mama alitoka pekupeku. Kaka alikamata turubai pembe moja, mimi ya pili, watoto wakasukuma kwa mafagio na masufuria, Baba akiwa na fulana na koleo akizibua mfereji uliokuwa ukielekeza maji kwenye nafaka. Wifi alikatazwa kubeba, akasimama na tochi akituonyesha mahali yanapoloa. Tuliokoa mengi, lakini fungu la upande wa chini lilipata maji, na kila mkulima wa Trans Nzoia anajua maana yake: bohari ya Halmashauri ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na yakikaa mabichi huota kuvu wenye sumu ambao huua watu.

Alfajiri Baba alivua viatu vya safari. "Jinja haihami," akasema. "Mahindi yanaoza."

Aliyetuokoa ni yule jirani wa kuuliza mgonjwa. Alikuja na wanawe wawili kabla ya chai, akatazama ua, akamwambia Mama, "Dada, mimi nitayaanua na kuyaanika hadi mrudi. Ng'ombe nitakama. Mtoe huyu mzee hapa kabla hajabadili nia." Mama akamwachia funguo za ghala, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Tulipitia Endebess hadi Suam, ambako mto mdogo unatenga nchi mbili. Baba aliomba gari lisimame. Akawaonyesha watoto maji yaliyokuwa yakishuka kutoka Mlima Elgon, akawaeleza kwamba haya hayaendi Misri. Yanageuka kuwa mto Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Akaandika kwenye daftari. Ofisa wa upande wa pili alizipitia kadi, akazisoma barua tatu za daktari kutoka mwanzo hadi mwisho, akaangalia bima ya gari na barua ya sako, akamwuliza, "Mzee, mnakwenda kufanya nini?"

"Kutembea," Baba akasema. Ofisa akagonga muhuri.

Enyi mnaopanga safari kama hii kutoka Kitale, Bungoma, Kimilili au Webuye, sindano itangulie sanduku, na kadi za njano ni mbili: moja ya gari, moja ya kila mtu. Ulizeni mapema logibuku ina jina la nani. Mtafuteni jirani kabla ya kutafuta hoteli. Na kama kwenu kuna mzee ambaye amesomesha au amelima bila kuvuka daraja lililo karibu naye, mpelekeni mwaka huu huu, angali anapanda gari bila kushikwa mkono.