Kichwa cha Habari Kinatosha

Katika lugha yetu wamesifiwa wengi: bibi harusi, nahodha, hata mgeni rasmi aliyechelewa saa tatu. Aliyesahaulika ni yule anayesoma kichwa cha habari ya teknolojia, anaishia hapo hapo, anaweka simu mfukoni na kutoa hukumu. Leo nataka kumtendea haki, maana amesimangwa vya kutosha. Wasomi wanamwita mbumbumbu, wanahabari wanamlaumu kwa kueneza uzushi, na wapwa zake wanamsema pembeni kwenye kundi la ukoo. Yeye hana habari nao. Hajasoma mpaka hapo.

Kwanza tumpe nasaba yake, maana hakuokotwa. Pita asubuhi Magomeni Mapipa, muuza magazeti akishapanga bidhaa yake. Utakuta wanaume wamesimama, mikono nyuma, shingo zimepinda, wanasoma kurasa za mbele za magazeti yote na hakuna anayenunua hata moja. Muuzaji hasemi kitu. Sheria ya pale ni moja: ukigusa, umenunua. Walioko nyumbani nao hawakuachwa nyuma, kwani redio na televisheni zina kipindi cha asubuhi ambamo mtangazaji hutusomea magazeti, na anachotusomea ni vichwa hivyo hivyo. Nusu ya nchi hunywa chai ikisikiliza vichwa visivyo na viwiliwili. Kwa hiyo mtu akikaa kijiweni na kichwa kimoja tu cha habari, hajavunja mila. Anaiendeleza.

Simu janja zilipokuja, zikampa na hoja ya kiuchumi. Kichwa cha habari hukufikia bure, kimeshapigwa picha na mtu mwingine na kusambazwa. Habari yenyewe inataka bando. Na bando si mchezo: Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipopanda ghafla, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba bei hizo zikasitishwa haraka. Sasa jaribu kuifungua hiyo habari. Kabla hujafika aya ya pili, tangazo la mashine ya kukamua juisi limeanza kucheza lenyewe kwa sauti, dirisha limekutokea likitaka barua pepe yako, na ujumbe umeingia kukuarifu kwamba umetumia asilimia sabini na tano ya kifurushi. Mwenye akili anaishia mlangoni.

Halafu kuna suala la wakati. Namjua kijana mmoja msomaji, yule wa kusoma habari mpaka mstari wa mwisho. Akifika kijiweni mjadala umeshahamia Simba na Yanga, na kahawa imebaki machicha. Akibahatika kupewa nafasi, ataanza na neno linaloua baraza kuliko mvua: "Inategemea." Inategemea na nini, hakuna anayesubiri kusikia. Mtu hawezi kuacha kibarua chake, akakaa kwenye benchi la mbao lenye msumari uliochomoza, ili aje aambiwe inategemea. Mwenzake wa kichwa cha habari hutamka "Wametuweza," kila mmoja akapata pa kuanzia. Maoni yake ni kama jina la kanga: maneno machache, hayana maelezo, na anayelengwa anajijua.

Maadui zake hupenda kumkumbusha mwaka 2020, alipotangaza kwamba korona inaletwa na 5G. Ni kweli alisema. Lakini tazameni upole wake. Uingereza, waliokuwa na maoni kama hayo walichoma minara moto. Kijiweni kwetu hakuna aliyenunua hata kiberiti. Walichofanya ni kuutazama mnara ulio nyuma ya soko kwa jicho baya kwa siku kadhaa, kisha wakarudi kuulaumu kwa kosa lake la siku zote, la kukata simu mvua ikinyesha. Hiyo 5G yenyewe ilizinduliwa nchini mwaka 2022. Yaani jamaa aliiogopa miaka miwili kabla haijafika. Ni wataalamu wangapi wanaoona mbali kiasi hicho?

Na kuelewa kwenyewe kumetusaidia nini? Usiku wa Desemba 31, 2012 matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam, waliojua maana ya dijitali na wasiojua walinunua ving'amuzi kwenye maduka yale yale, kwa bei ile ile. Sikusikia popote kwamba mhandisi alipunguziwa.

Ikaja habari ya kusajili laini kwa alama za vidole. Tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi Januari 20, 2020, na foleni za vitambulisho vya NIDA mnazikumbuka. Magazeti yaliandika kwa kirefu faida za zoezi lile, kubwa ikiwa kuwakomesha matapeli. Mtu wetu hakusoma maelezo hayo. Alisubiri miezi ikapita, akapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," akaunyanyua juu wote tuuone, kisha akauliza: "Kama kila laini ina kidole, huyu anatumia kidole cha nani?" Nimesoma ripoti ndefu kuhusu usalama wa mitandao ambazo hazina swali la maana kama hilo, na zina kurasa nyingi za shukrani.

Mei 12, 2024 intaneti ilikwama Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Hukumu ya kijiwe ilitoka kabla birika halijachemka: "Wamezima." Yule kijana msomaji akaeleza kwa utaratibu kwamba hapana, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Mzee mmoja wa drafti akaacha kete yake hewani.

"Kwa hiyo mimi hapa nikimtumia binti yangu ujumbe, yuko Mbagala, ujumbe unapita baharini?"

"Mara nyingi ndiyo, mzee. Mitambo yenyewe iko nje."

"Unatoka hapa, unakwenda kwa wazungu, unarudi Mbagala."

"Ndiyo."

"Na hiyo ndiyo habari uliyoona ni ya kuaminika?"

Kijana alikuwa sahihi kwa kila neno, na alishindwa kwa mabao mengi. Tena mzee hakuokota dhana yake hewani. Oktoba 2020, siku za uchaguzi, mitandao ya kijamii ilikwama kweli hapa nchini. Januari 2021 Uganda ikazima intaneti yote wakati wa uchaguzi wao. Aliyekwisha kuzimiwa, taa ikikatika hawezi kuanza kumfikiria samaki.

Hata hivyo kipaji chake halisi kilionekana akili unde ilipoingia mjini. ChatGPT ilitolewa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, na haikuchukua muda kichwa cha habari kikafika benchini: kompyuta sasa inajibu maswali kama mtu. Mzee wa drafti hakutaka kusikia zaidi. "Humo ndani kuna watu," alisema. "Wamefungiwa mahali wanajibu." Fundi simu, ambaye kibanda chake kinatazamana na benchi, alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Akatoka nje kutoa somo: mashine imelishwa maandishi mengi mno, ikajifunza kukisia neno lipi hufuata lipi, hakuna mtu humo.

"Imelishwa maandishi ya mitandaoni?"

"Ndiyo, mzee."

"Hayo hayo tunayoyaona sisi? Yenye matusi?"

"Hayo hayo."

"Mbona yenyewe haitukani? Nani kaifunza adabu?"

Fundi akasema kuna namna wanaichuja, akarudi kwenye kioo alichokuwa anakibadilisha. Januari 2023 jarida la Time la Marekani likachapisha jibu. Kampuni ya OpenAI, kupitia kampuni nyingine iitwayo Sama, ilikuwa imewatumia vijana wa Kenya kusoma maandishi machafu, ya ukatili na ya unyanyasaji hata wa watoto, na kuyawekea alama ili mashine ijue yapi isiyatamke. Malipo yao yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa, na wapo waliosema kazi ile iliwaachia majeraha ya akili. Fundi aliisoma habari hiyo yote, hadi mwisho, akawa hana la kusema. Mzee aliona kichwa chake tu, kikiwa kimefika kwenye simu ya dereva wa bodaboda. Akasema, "Si niliwaambia kuna watu?"

Kitaalamu alikosea, na fundi alikuwa sahihi: hakuna mtu aliyekaa ndani anajibu. Watu walikuwa wamekaa Nairobi.

Mama anayeuza vitumbua pembeni ana fani yake katika elimu hii, na singependa asahauliwe. Vichwa vya habari vilipoanza kusema kwamba mashine zitachukua kazi za watu, aligeuza kitumbua, akafuta mkono kwenye kanga. "Lije hilo roboti," alisema. "Nitaliachia na daftari la madeni yenu."

Tunafika kwenye nadharia kuu ya kijiwe, iliyo fupi kuliko zote duniani: "Ni wale wale." Nani wale? Haijawahi kufafanuliwa, na humo ndimo nguvu yake ilimo. Bei ya mafuta ikipanda, ni wale wale. Simu ikitangaza kiatu ulichokitaja jana, ni wale wale. Mwishoni mwa Julai 2023 zikaja picha za Nairobi: maelfu ya watu wamepanga foleni kwenye ukumbi wa KICC ili wapigwe picha ya mboni za macho na kidude cha duara kinachong'aa, kisha wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Mradi uliitwa Worldcoin. Waliofika walisema wazi kilichowaleta, nacho kilikuwa hizo elfu saba. Agosti 2 serikali ya Kenya ikausimamisha.

Kijiweni picha ile ilitazamwa kwa makini, ikakuzwa kwa vidole viwili, ikarudishwa. Hukumu: "Ni wale wale wa ile kompyuta yenye watu ndani." Hapo kijana msomaji aliona nafasi yake ya kulipiza kisasi cha mikongo. Akafungua habari kamili ili amwonyeshe mzee kwamba hivi ni vitu viwili tofauti, kimoja ni akili unde, kingine ni sarafu. Akasoma kimya. Akaendelea kusoma. Mmoja wa waanzilishi wa Worldcoin ni Sam Altman, na Sam Altman huyo huyo ndiye anayeiongoza OpenAI. Kijana alizima simu polepole akaagiza kashata.

Najua mtaniambia ni bahati. Saa iliyosimama nayo husema kweli mara mbili kwa siku, na "ni wale wale" ni saa iliyosimama tangu enzi za Mjerumani. Sibishi. Nasema tu kwamba bahati yake haikugharimu bando. Tena, kwa watu ambao kila kifaa kipya huwafikia kikiwa tayari na masharti yake, fomu yake na makato yake, si ajabu wakaanza kwa kuuliza kiko mikononi mwa nani kabla ya kuuliza kinafanyaje kazi. Swali la pili lina vyuo vikuu. La kwanza lina benchi lenye msumari.

Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru taarifa zile za macho zifutwe. Kichwa cha habari kilifika asubuhi, na ubishi ukawa mkali kuliko kawaida, maana hakuna aliyekuwa na picha kichwani ya jicho likifutwa. Dereva wa bodaboda aliamini lazima mwenye jicho awepo. Mama wa vitumbua alitaka kujua kama elfu saba nazo zinarudishwa. Kijana msomaji, ambaye sasa alikuwa amesoma mpaka mwisho akiwa bado kitandani, akainua mkono: wamepewa siku saba, na Kamishna wa Ulinzi wa Data ndiye atakayesimamia.

"Huyo kamishna," mzee akauliza bila kuinua macho kwenye drafti, "mashine yenyewe iko nchini kwake?"

"Hapana, nadhani iko nje."

"Sasa akiambiwa yamefutwa, atajuaje kama hayakunakiliwa kwanza?"

Kijana akafungua simu, akaipandisha habari juu, akaishusha, akairudia. Wote tulikuwa tumenyamaza kumsubiri, hata muuza kahawa.

"Inategemea," akasema.

Akalipishwa vikombe vya watu wote.