Bwana, Wewe Unamjua: Mwongozo wa Ibada ya Nyumbani

Sala ya jioni katika nyumba ya Kikristo husaliwa baada ya taarifa ya habari ya saa mbili na kabla ya tamthilia ya Kituruki. Hakuna katekisimu iliyopanga hivyo, ila baba yeyote aliyejaribu kuisogeza hadi saa tatu amejionea mwenyewe: watu wako sebuleni, mioyo iko Istanbul. Siku mechi ya Simba na Yanga inapoangukia usiku, tangaza kwamba leo kila mtu atasali peke yake, kisha utaje Mathayo 6:6, pale mtu anapoagizwa aingie chumbani mwake na kufunga mlango. Kama televisheni nayo iko chumbani, hilo si kosa lako.

Waite watu mapema. Wito wa kwanza ni wa kuwajulisha kwamba utawaita tena. Kijana wa kidato cha nne, ambaye mchana kutwa hakugusa daftari, ukisema "tusali" ndipo anapokumbuka ana zoezi la hesabu. Mama anageuza ugali au anajifanya kugeuza. Anayefika wa kwanza siku zote ni dada wa kazi, na usikimbilie kusifu imani yake: katika nyumba nyingi hiyo ndiyo robo saa pekee anayoruhusiwa kukaa kwenye kochi.

Wimbo uanzishwe na baba, na uanze juu mno. Huu ni utaratibu wa zamani na sijasikia dhehebu lililoupinga. Taja namba ya Tenzi za Rohoni kwa kujiamini, ubeti wa kwanza imbeni wote, wa pili imbeni nusu, wa tatu mgugumie hadi mfike kwenye kiitikio, ambapo sauti zote zitafufuka kwa pamoja. Dada wa kazi, aliyewahi kuimba kwaya ya vijana kijijini kwao, atashusha ufunguo bila kuomba ruhusa na kuuokoa wimbo. Ukishaokolewa, wewe mshukuru Bwana.

Sasa Neno. Wamoravian wana njia yao. Tangu mwaka 1731 huko Herrnhut, Ujerumani, wamekuwa wakichapa kitabu cha mafungu ya kila siku, na mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kupigiwa kura. Wamishonari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na hata leo Mmoravian wa Mbeya anaweza kuamka akasoma fungu lilelile analosoma Mmoravian wa Ulaya. Njia hiyo ni nzuri kiroho, lakini haimfai baba mwenye ajenda. Ukiacha kura iamue, unaweza kuangukia orodha ya majina katika 1 Mambo ya Nyakati, sura tisa nzima za fulani akamzaa fulani, wakati wewe ulitaka kuzungumzia simu ya mtoto.

Baba mwenye ajenda hufungua Waefeso 6, anasoma mstari wa kwanza hadi wa tatu, watoto na utii, kisha anafunga Biblia taratibu kama mtu aliyeguswa. Asifike mstari wa nne. Mstari wa nne unawageukia akina baba na kuwakataza kuwachokoza watoto wao, na hilo ni somo la siku nyingine. Vivyo hivyo Waefeso 5: mstari wa 22 unawahusu wake, soma kwa sauti, wa 25 unawahusu waume, hapo kohoa. Hatari iko kwa yule binti mwenye Biblia kwenye simu. Ataendelea kusoma peke yake, atainua kichwa, na atauliza swali.

Kama nyumba yenu hufuata desturi ya kila mtu kutoa mstari wa kukariri, watoto watagombea Yohana 11:35, ambao kwa Kiswahili ni maneno matatu tu. Ukiupiga marufuku watahamia 1 Wathesalonike 5:17, nao ni maneno matatu, ila huo unaagiza kuomba pasipo kuacha. Atakayeutoa mwambie aanze yeye.

Hapo tumefika kwenye maombi yenyewe, na hapa msomaji akae vizuri, maana yote yaliyotangulia ni kupanga viti. Ibada ya nyumbani ni kikao cha familia ambacho Mungu amealikwa kukiongoza, na kila mjumbe anazungumza kupitia kwa mwenyekiti. Yale ambayo mkiyasema mezani yataleta ugomvi, mkiyasema macho yakiwa yamefumbwa yanaitwa mzigo wa maombi. Mwanamke wa pwani ana kanga yake, maneno yapo mgongoni na mwenye kuhusika atasoma. Mama wa bara aliyelelewa Kilutheri au Kisabato kanga anazo pia, lakini silaha yake kubwa ni kiti cha enzi.

Kanuni ya kwanza: usitaje jina. Taja dalili. "Bwana, kuna mtu humu ndani, wewe unamjua, anayerudi saa tano usiku akisema alikuwa kwenye kikao." Watu wazima humu ndani ni wanne, wawili hawatoki, mmoja ni bibi. Mungu atamtambua. Ongeza msamaha mapema ili ombi lisionekane ni shtaka: "Msamehe, Bwana, maana hajui kwamba tunajua."

Kanuni ya pili: jibu lisubiri zamu yake. Baba aliyechomwa hawezi kufumbua macho akajitetea. Angoje, kisha aombe kwa upole zaidi. "Baba, tunakushukuru kwa mama wa nyumba hii. Umjalie roho ya kiasi, hasa katika vikoba, na katika michango ya sare za harusi za watu tusiowafahamu." Mama ataitikia "Amina" kwa sauti ambayo si ya kukubaliana. Kwa wasioijua lugha hii, amina zipo aina nyingi. Ya haraka ina maana tumalize. Ndefu yenye kushuka mwishoni ina maana tutaonana chumbani.

Shemeji aliyekuja kwa wiki mbili ili afanye usaili, na sasa anajua siku ya kununua LUKU, huombewa kila jioni bila kukosa. "Mfungulie milango ya kazi, Bwana. Hata mikoani. Hasa mikoani." Yeye naye huitikia kuliko wote, na asubuhi hunywa chai.

Katika nyumba za kilokole mambo yana kasi zaidi. Pale mtoto hasemwi. Inakemewa roho iliyo ndani yake. Roho ya uvivu, roho ya kupenda simu, roho ya kufeli fizikia. Jambo hili lina faida zake, kwani mtoto hubaki msafi na lawama zote hubebwa na pepo. Ila mkiwa katikati ya kukemea na umeme ukakatika, mtu mmoja akaangalie kwanza mita kabla hamjamtaja adui.

Bibi akiwepo, mpeni zamu ya mwisho au msimpe kabisa. Bibi haombi kwa jumla. Anaanza na mtoto wake wa kwanza na kushuka kwa umri, kila mmoja na ugonjwa wake, mke wake, na mwezi aliotuma pesa mara ya mwisho. Vijana wataguna kimoyomoyo, lakini hiyo ndiyo njia pekee mtakayojua kwamba baba mdogo wa Tabora amelazwa, na kwamba kuna shamba limeuzwa. Wadogo watasinzia. Katika Matendo 20 kijana Eutiko alisinzia Paulo akihubiri hadi usiku wa manane kule Troa, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa, Paulo akamrudishia uhai. Nyumba yako haina ghorofa, mwache mtoto alale. Wewe si Paulo, lakini zulia lipo.

Wakatoliki wasidhani nimewasahau. Papa Leo XIII aliuweka Oktoba kuwa mwezi wa Rozari mwaka 1883, na bila shaka hakuwaza magoti ya watu juu ya saruji. Yohane Paulo II akaongeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002, kwa hiyo anayetaka Rozari nzima sasa ana makumi ishirini. Nyumba yenye busara husali makumi matano na kufuata siku. Kwa upande wa mafumbo, Rozari ni ngumu: Salamu Maria haina nafasi ya kuchomeka habari za shemeji. Nafasi ipo kwenye nia. Anayetangaza nia kabla ya kila fungu ndiye anayeongoza nyumba, hata kama kiti cha mbele amekalia mwingine.

Na jumuiya ikija kwenu, hesabu hubadilika. Tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976, sebule ya Mkatoliki imekuwa mali ya umma kwa zamu. Ondoa kalenda ya kampuni ya bia, rudisha picha ya Moyo Mtakatifu, azima viti vya plastiki. Siku hiyo mafumbo ya ndani yafungwe kabatini, kwani majirani wanajua kutafsiri.

Limebaki suala la nani afunge. Anayefunga hana wa kumjibu, ndiyo maana wazazi huipigania nafasi hiyo kwa heshima kubwa, "funga wewe", "hapana, baba funga". Wakichoka humpa mtoto wa mwisho, wakidhani ndiye asiye na neno. Mtoto wa mwisho amekaa kwenye ibada hii tangu azaliwe. Amesikiliza yote. Atafumba macho, atashukuru kwa chakula, kwa dada, kwa bibi, kisha atasema, "Na umkumbushe baba viatu vya shule, alisema mwisho wa mwezi, na mwezi umeisha."

Itikia amina. Kupinga ombi katikati ya sala hakuna utaratibu wake kwa Walutheri wala kwa Wakatoliki. Duka linafunguliwa saa tatu.