Namna ya Kumwona Mshauri Nasaha Bila Kijiji Kujua

Ndugu yangu wa Longech, na wewe wa Kalokol, na wewe uliyeko Kakuma unayeuza dukani mchana na kukesha usiku: unataka kuzungumza na mtaalamu wa saikolojia, ila hutaki mtu ajue. Sawa. Aibu yako hatutapigana nayo. Tutaizunguka.

Kwanza, tafuta kisingizio chenye mzigo. Sema unaenda Lodwar kununua uzi wa nyavu. Toka Kalokol ni kilomita 60 hivi, na hakuna anayemhoji mvuvi kuhusu uzi. Ila urudi nao, maana wengi huumbukia hapo. Huna nyavu? Nenda hospitali ya rufaa ya Lodwar. Kwenye foleni, mwenye malaria na mwenye majonzi wanafanana.

Pili, mpime kabla hajakupima. Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, anayefanya kazi hii Kenya anatakiwa kusajiliwa na bodi yake. Unaona haya kumdai cheti? Msingizie binamu: "Binamu yangu anauliza kama umesajiliwa, kikao ni pesa ngapi, ni dakika ngapi, na akikosa kuja atalipa?" Kikao huwa kama dakika 50. Binamu aulize pia kuhusu siri: utamwambia nani? Jibu la kweli lina mipaka. Maisha yako au ya mwenzako yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa, mshauri huenda akalazimika kusema. Anayekuapia kwamba hatasema kamwe, lolote liwalo, mkimbie. Na kama mtahitaji mkalimani, mkatae shemeji yako. Mkatae pia jirani wa bloku yako kambini Kakuma, hata akiwa mpole namna gani.

Emuron, yaani mganga wa jadi, na mchungaji waache walipo. Hakuna anayekutaka uchague.

Tatu, simu. Washauri wengi wa kulipwa wako Nairobi na Eldoret, na wengi hukubali vikao vya simu. Tatizo ni masikio ya nyumbani. Kaa kwenye mashua iliyofungwa ufuoni, vaa vipokea sauti masikioni, shika wavu mapajani kama unashona. Kubalianeni neno la siri: ukisema "bei ya mbuta imeshuka," ajue kuna mtu anapita, anyamaze. Mtu akishapita, endelea ulipoachia.

Nne, kikao cha kwanza. Hapa utataka kuonekana shujaa. Kila mtu hutaka. Utaanza na "kuna rafiki yangu mmoja". Nakuruhusu sentensi mbili za huyo rafiki, ya tatu useme ni wewe. Mdomo ukigoma, soma kwenye simu yako mistari uliyoandika jana yake: Naota maji kila usiku. Nimempiga mtoto bila sababu. Ninaogopa kuingia ziwani. Basi, kazi imeanza. Ziwa letu la Turkana lina mamba, lina upepo wa kusini-mashariki unaopindua mashua, na Februari 2025 wavuvi walishambuliwa kule Todonyang. Kuogopa maji baada ya hayo hakukupunguzii uanaume hata chembe. Wala hutalazwa kitandani kama kwenye filamu. Mara nyingi ni viti viwili tu.

Kama unawaza kujiua, acha ujanja wote niliokufundisha. Liseme la kwanza kabisa, kabla hata ya jina lako. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Na kama siku ya miadi ni mbali, piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, leo hii.

Tano, kumwacha. Vikao vitatu vikipita na bado moyo haujamkubali, usizime simu ukatoweka. Mwambie, "Naona hatuendani, nani mwingine unamjua?" Mtaalamu wa kweli hanuni, atakutajia mwenzake.

Ukimpata wa kukufaa, lipa kikao kijacho kabla hujatoka mlangoni. Siku ikifika na uvivu ukikushika, utazikumbuka hela zako, na utapanda boda.