Karibu Masaki, Mgeni Wetu

Mgeni wetu katua Dar es Salaam akiapa kwamba yeye ataishi kama wenyeji. Akapanga Masaki, ambako wenyeji wengi huingia asubuhi kufyeka majani na kutoka jioni kugombea daladala.

Dalali kachukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kufungua geti. Mwenye nyumba kataka ya miezi sita, tena mbele. Mgeni kalipa bila neno. Alikuwa anapiga picha mnazi.

Usiku wa kwanza umeme ukazimika. Akawaandikia ndugu zake Ulaya kwamba bara hili lina changamoto. Mlinzi akagonga dirisha: “Bosi, LUKU imeisha.” Basi akanunua umeme kwa simu, zikaja tarakimu 20, akazibonyeza kwa mwanga wa tochi, akakosea, akaanza upya, akakosea tena. Mlinzi akazimaliza kwa pumzi moja, akarudi getini.

Siku hizi mgeni ni mtaalamu. Waliotua juzi anawaeleza Afrika halisi ilivyo, kinywaji mkononi, kiyoyozi kikivuma. Mlinzi anayekuja kwa daladala mbili kutoka Mbagala hajaombwa kuchangia mada. Labda hana uzoefu wa kutosha.